Kugeza Kamera ya Gari Baada ya Kubadili Kioo cha Mbele: Dhana na Istilahi Zake

Magari mengi yanayoteremshwa katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa ni yale yaliyokwisha kutumika nchini Japani. Hupita miaka kadhaa kabla ya kutufikia, na ndiyo maana ufundi uliozoeleka huko huja kwetu ukiwa umechelewa, na mara nyingi huja bila jina. Toyota ilianza mwaka 2015 kufunga katika magari yake mkusanyo wa vifaa vya usalama iliouita Toyota Safety Sense. Subaru ilikuwa imekwisha kutangulia mwaka 2008 kwa kamera zake mbili, ambazo hupima umbali kama macho mawili ya binadamu yanavyoupima. Magari ya namna hiyo sasa yamo katika barabara zetu. Ukichungulia sehemu ya juu ya kioo cha mbele, karibu na kile kioo kidogo cha kutazamia nyuma, utaiona kamera imetulia ndani ya kijumba cheusi ikiitazama barabara.

Kioo cha mbele nacho huvunjika. Kokoto moja iliyorushwa na tairi la lori yatosha kukitia ufa. Fundi vioo hukitoa, hupaka gundi, huweka kingine, na mwenye gari huondoka. Lakini kwa gari lenye kamera shughuli huwa haijaisha. Imebaki kazi ya pili, na kazi hiyo kila mtu huiita kwa jina lake: huyu husema kurekebisha kamera, yule kuitengeneza, wa tatu kuisawazisha, na katika gereji nyingi utasikia kuiseti. Mfasiri wa kitabu cha maelekezo, mwalimu wa chuo cha ufundi, na ofisa anayepitia madai ya bima hawawezi kuelewana iwapo kila mmoja ana neno lake. Makala haya yanakusudia kuieleza kwanza dhana yenyewe, kisha kuyapima maneno hayo mbele ya dhana hiyo.

Dhana yenyewe

Kamera hiyo hupokea picha tu. Anayeamua kwamba kitu fulani ni mtu, kwamba yuko umbali wa mita 40, na kwamba yuko mbele ya gari hasa wala si kando ya barabara, ni kompyuta. Ili iweze kukokotoa hayo, kompyuta hapana budi ijue kamera imekaa kimo gani kutoka ardhini, imeinama kiasi gani, na inaelekea wapi ikilinganishwa na mstari ambao gari huufuata linapokwenda moja kwa moja. Takwimu hizo zikiwa na kosa, picha itakuwa safi na hukumu itakuwa ya uongo.

Kosa lenyewe si lazima liwe kubwa. Tuchukue mfano wa kamera iliyopotoka kando kwa digrii 1 tu, pembe ambayo jicho la fundi haliwezi kuiona. Kwa umbali wa mita 50, kitu kitahesabiwa kuwa kimekaa kiasi cha sentimita 87 kando ya mahali kilipo. Kwa mita 100 kosa hufika kama mita 1.75. Upande mmoja wa barabara kuu, ule unaopitwa na gari moja, huwa na upana wa mita tatu na nusu hivi. Kwa hiyo tumekwisha kukosea kwa nusu yake. Gari linalokuja upande wa pili laweza kuhesabiwa kuwa liko mbele yetu, na breki ikajifunga yenyewe pasipo sababu huku basi likitufuata kwa nyuma. Au kinyume chake: mtu aliye mbele yetu akahesabiwa kuwa yuko kando, na breki isijifunge.

Msomaji atauliza kwa nini kubadili kioo kulete yote haya, maadamu kamera ni ile ile. Katika magari mengi kishikio cha kamera kimegandishwa kwenye kioo chenyewe. Kioo kikiondoka, kishikio huondoka nacho. Kioo kipya, hata kikiwekwa na fundi hodari, hakikai mahali pale pale pa kwanza kwa kipimo cha milimita. Unene wa gundi pekee watosha kuleta tofauti. Isitoshe, kamera hutazama kupitia kioo, na mwanga hupinda unapopita ndani yake. Unene au mpindo wa kioo ukitofautiana na wa kile cha zamani, picha nayo husogea.

Kazi ya pili, basi, hufanywa hivi. Gari huwekwa kwenye sakafu iliyo sawa kabisa, tairi zikiwa na upepo unaotakiwa, bila mzigo. Mbele yake husimamishwa ubao wenye alama maalumu, kwa umbali na kimo kilichoagizwa na kiwanda, baada ya kupima kwa uangalifu mstari wa katikati ya gari. Fundi huunganisha kifaa chake na kompyuta ya gari, na kompyuta huitazama alama kwa jicho la kamera. Kwa kuwa inajua alama ilipaswa kuonekana wapi, hupata tofauti na kuitia katika hesabu zake. Viwanda vingine hutaka kazi hiyo ifanywe kwa kuliendesha gari katika barabara yenye mistari inayoonekana vizuri, kwa mwendo uliotajwa, hadi kompyuta iridhike. Na viwanda vingine hutaka njia zote mbili.

Jambo moja hapa lapaswa kukaziwa, kwa kuwa ndilo litakaloamua istilahi. Katika kamera za namna hii, kwa kawaida hakuna skrubu iliyogeuzwa wala kitu kilichosogezwa kwa mkono. Kamera ilikuwa nzima kabla ya kazi na ni nzima baada yake. Kilichobadilika ni kile ambacho kompyuta inakijua kuhusu mahali ilipo kamera. Tena, si kila gari litawasha taa ya onyo likiwa na kosa dogo; dereva aweza kwenda miezi kadhaa akitegemea kifaa kinachokosea.

Maneno yanayogombea nafasi

Neno kutengeneza lafaa liondolewe mapema. Kinachotengenezwa ni kilichoharibika. Mwenye gari akiandikiwa katika ankara kwamba kamera yake imetengenezwa, ana haki ya kusema kwamba hakuleta kamera mbovu. Na ofisa wa bima, akisoma neno hilo hilo, ana haki ya kukataa kulipia kitu ambacho hakikuvunjika katika ajali. Hapo hakuna aliyedanganya, ila neno limemponza kila mtu.

Kurekebisha lina kosa la namna nyingine. Ni neno jema, nalo limebeba mengi mno: tunarekebisha kiti, bajeti, sheria na tabia ya mtoto. Fundi akiambiwa arekebishe kamera, ataishika kamera na kuisukuma, nalo ndilo jambo asilopaswa kulifanya. Tena neno hilo halidai kipimo. Mtu aweza kurekebisha kitu kwa jinsi apendavyo.

Kusawazisha tayari lina kazi katika gereji, kwa kuwa walimu wengi hulitumia kwa magurudumu, kazi ambayo mafundi huiita alaimenti. Kwa bahati mbaya alaimenti ni miongoni mwa mambo yanayotakiwa kukaguliwa kabla ya kazi ya kamera, maana mstari ambao gari huufuata hutegemea magurudumu. Kitabu kitakachosema "sawazisha kabla ya kusawazisha" hakitamsaidia mwanafunzi. Kuhusu kuseti, sina ugomvi nalo katika mazungumzo ya gereji. Ila tunaseti saa na redio pia, na hati ya kisheria yahitaji neno lililo finyu zaidi.

Inafaa tuangalie wenzetu walifanyaje. Wajerumani na Wafaransa wamebaki na neno lao la vipimo lililo ndugu ya lile la Kiingereza. Mafundi wa Japani walichukua neno jingine la Kiingereza lenye maana ya kulenga, wakalitamka kwa sauti za kwao: eimingu. Uteuzi huo una picha nzuri, kwa sababu ule ubao mbele ya gari unafanana kweli na shabaha. Hata hivyo mlengaji hugeuza silaha yake, na kamera yetu haigeuzwi. Ningependa neno kulenga libakizwe kwa rada ya mbele, ambayo katika magari mengi ina skrubu za kuigeuzia, hivyo hulengwa kwa maana halisi.

Je, tutohoe tu na kusema kalibresheni? Neno hilo lina historia itakayowafurahisha wapenzi wa lugha. Wachunguzi wengi wa asili ya maneno hulirudisha, kwa kupitia Kifaransa na Kiitaliano, hadi kwenye neno la Kiarabu lenye maana ya umbo la kumiminia madini. Na neno hilo hilo la Kiarabu lilitufikia sisi kwa mlango mwingine, likawa kalibu. Kwa hiyo mtu aweza kudai kwamba tuna haki ya kusema kukalibu. Nadhani tusidai. Kalibu humpa kitu umbo, na kazi tunayoizungumzia haimpi kitu umbo lolote. Aidha, wako wasemaji wengi wasiotenganisha l na r, na fundi atakayeandika kwamba kamera "imekaribiwa" atakuwa ametuletea kazi nyingine.

Limebaki neno ugezi. Neno hili si geni: katika Shirika la Viwango Tanzania, upimaji na ugezi ni maneno ya kila siku, na mizani na vyombo vya maabara hugezwa. Kitenzi chake ni geza, kitenzi cha zamani chenye maana ya kuiga na kufuatisha, yaani kukifanya kitu kwa kukitazamia kingine. Wengi watasema kwamba hawajapata kulisikia. Lakini kila mwalimu aliyepata kuwapa wanafunzi wake vigezo vya kusahihishia insha amekwisha kutumia mzizi huu, na kila karani aliyejaza vigezo vya zabuni pia. Kigezo ni kile kinachogezewa. Katika kazi ya kamera kigezo kipo mbele ya macho yetu, nacho ni ule ubao wenye alama, na kazi yenyewe ni kuilinganisha kamera na kigezo hicho. Sioni neno jingine linaloieleza dhana kwa ukamilifu namna hii.

Tunapendekeza basi: kugeza kamera, kamera imegezwa, ugezi wa kamera, na kazi inaporudiwa baada ya kubadili kioo, kugeza upya. Ubao uitwe ubao wa kigezo. Kwa zile njia mbili, yapo mapendekezo ya ugezi tuli na ugezi wa mwendo, yanayofuata istilahi za fizikia. Mimi naona ugezi wa karakana na ugezi wa barabarani yamtosha fundi zaidi, kwani humwambia mara moja aende wapi.

Istilahi za jirani

Jina la vifaa hivyo kwa jumla lataka tahadhari. Magazeti hupenda kusema "gari linalojiendesha". Kipimo kinachotumiwa na wahandisi, kilichotolewa nchini Marekani mwaka 2014, kina ngazi sita kuanzia 0 hadi 5. Na magari tunayoyazungumzia yako katika ngazi za chini, 0 hadi 2, ambazo dereva ndiye mwenye gari na mwenye dhamana. Vifaa vya kumsaidia dereva ni jina la kweli. Sikuthubutu kupendekeza utingo, ingawa ndiye msaidizi wa dereva tuliyemzoea. Lakini mfano wake ni mwema darasani: utingo hugonga ubavu wa lori kumwonya dereva, na usukani si wake.

Neno njia nalo limeleta taabu katika kuutaja ule upande wa barabara upitwao na gari moja. Kifaa kinacholisaidia gari "kubaki njiani" kitamshangaza Mswahili yeyote, kwa kuwa kubaki njiani ndiko kuharibikiwa na gari. Tungependa kulijaribu neno ujia, ambalo tayari lina maana ya njia nyembamba, na kusema kifaa cha kushika ujia. Maoni ya wasomaji yatapokewa.

Kwamba mambo haya si mchezo wa wanaistilahi peke yao, Japani ni ushahidi. Sheria ya magari ya huko ilibadilishwa mwaka 2019, na kuanzia Aprili 2020 ikaingiza aina ya kazi iitwayo matengenezo maalumu. Kuondoa kioo cha mbele cha gari ambalo kamera ya vifaa hivyo imefungwa hapo kumo ndani ya kazi hiyo, na gereji huhitaji kibali cha kuifanya. Waandishi wa sheria ile walilazimika kwanza kuipa kazi jina ndipo waweze kusema nani aruhusiwe kuifanya. Anayeandaa fomu ya ukaguzi au mtaala wa mafundi vioo hapa kwetu yuko mbele ya lazima hiyo hiyo.

Kwa wafasiri wanaohitaji mfano, hati ya gereji yaweza kusomeka: "Kioo cha mbele kimebadilishwa. Kamera imegezwa upya kwa ubao wa kigezo. Ugezi wa barabarani haukuhitajiwa." Na pale ambapo kazi ya pili haikufanyika: "Kamera haijagezwa. Dereva asitegemee breki ya dharura inayojifunga yenyewe wala kifaa cha kushika ujia hadi ugezi ufanyike." Katika ankara, kioo na ugezi viandikwe katika mistari miwili, kila kimoja na bei yake.