Fahamu: Amplifaya nafuu, na wati za kwenye boksi

Boksi linatangaza maelfu ya wati, kumbe chombo chenyewe unakibeba kwa mkono mmoja. Hesabu hiyo huitwa PMPO: kilele cha kufumba na kufumbua, ambacho kila kiwanda hukipima kinavyotaka. Ipuuze. Muulize muuzaji wati za RMS, yaani nguvu inayotoka mfululizo, tena kwa spika za omu ngapi.

Nazo huhitaji nyingi. Wati zikiongezeka maradufu, sauti hupanda desibeli 3 tu. Kwa sebule ya kawaida, wati 20 kila upande zinatosha kabisa. Amplifaya ya NAD 3020 ya mwaka 1978 ilitangazwa kwa kiasi hichohicho, na hadi leo inatafutwa.

Amplifaya za daraja D hupoteza umeme kidogo kwa joto, ndiyo maana zimekuwa ndogo na bei kushuka. Hapo kagua adapta inayoipa amplifaya umeme. Ya volti 24 na ampea 4 hutoa wati 96. Amplifaya inayojigamba kwa wati 200 itazitoa wapi?

Na priamplifaya, yaani kifaa cha kukuza mawimbi dhaifu kabla hayajaingia kwenye amplifaya? Kwa simu, televisheni au CD, mara nyingi ni pesa ya bure. Heri uongeze kwenye spika. Santuri ndiyo yenye shida. Sindano yake hutoa takriban milivolti 5, na besi hupunguzwa makusudi wakati wa kuchonga sahani, hivyo lazima kiwepo kifaa hicho cha kukuza sauti na kuirudisha besi. Ila tazama kwanza nyuma ya gramafoni: nyingi za bei nafuu huja nacho ndani, na ukiunga viwili utasikia mikwaruzo mitupu.