Kiti cha Kulipia: Fedha za Kirusi katika Langalanga za Madaraja ya Chini

Katika mbio za langalanga zilizo chini ya Formula One, dereva si mwajiriwa wa timu bali ni mteja wake. Timu inamiliki gari, karakana, malori na nafasi ya kushiriki. Dereva analeta fedha, na kwa fedha hizo anakabidhiwa usukani kwa msimu mmoja. Kiti cha Formula 3 hukadiriwa kugharimu zaidi ya euro milioni 1 kwa mwaka, na cha Formula 2 kati ya milioni 2 na 3, kutegemea sifa ya timu. Gari likigonga ukuta, ankara ya vipuri kwa kawaida humfuata dereva na mdhamini wake. Zawadi za washindi haziwezi kurudisha hata sehemu ndogo ya gharama hizo. Kinacholipiwa hasa ni nafasi ya kuonekana, kwa sababu raundi nyingi za madaraja haya mawili hufanyika wikiendi moja na Formula One, kwenye barabara zilezile, mbele ya wakubwa wanaosaka madereva.

Safari huanzia kwenye karti, mtoto akiwa bado hajamaliza shule ya msingi. Akifikisha miaka 15 anaruhusiwa kuendesha Formula 4, kisha mashindano ya kanda, kisha Formula 3 na Formula 2. Magari ya kila daraja ni ya aina moja. Katika ngazi mbili za juu, kampuni ya Dallara ya Italia huunda bodi, Mecachrome ya Ufaransa hutoa injini na Pirelli hutoa tairi. Kwa hiyo timu haziuzi gari bora. Zinauza wahandisi, takwimu zilizokusanywa kwa miaka mingi, na mazoea ya kushinda. Prema ya Italia, iliyoanzishwa mwaka 1983, imejenga jina lake hivyo, na ndiyo maana familia zenye uwezo hupanga foleni mlangoni kwake.

Mlango wa Formula One nao una kufuli yake. Tangu 2016, Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, linamtaka dereva kwa kawaida awe na umri wa miaka 18 na pointi 40 za leseni zilizokusanywa ndani ya misimu mitatu. Bingwa wa Formula 3 hupata pointi 30, na watatu wa kwanza wa Formula 2 hupata 40 kila mmoja. Kanuni hiyo iliwaongezea waandaaji wa mashindano ya chini bidhaa ya kuuza: pointi. Haikuongeza hata kiti kimoja juu. Kuanzia 2017 hadi 2025 Formula One ilikuwa na viti 20, na mwaka wa kawaida havikufunguka zaidi ya viwili au vitatu.

Warusi walichelewa kuingia sokoni, lakini walipoingia waliingia na mifuko mizito. Vitaly Petrov wa Vyborg, aliyemaliza wa pili katika GP2, jina la zamani la Formula 2, mwaka 2009, aliajiriwa na Renault mwaka 2010 na kuwa Mrusi wa kwanza katika Formula One. Renault ilikuwa na robo ya hisa za AvtoVAZ, mtengenezaji wa Lada, na nembo ya Lada ikaonekana kwenye gari la Petrov. Hapo ndipo wafanyabiashara wa Moscow na Saint Petersburg walipoona kwamba kijana mwenye kofia ya chuma anaweza kuwa bango la biashara.

Fedha zilizofuata hazikuwa za aina moja. Daniil Kvyat wa Ufa alilelewa na Red Bull, kampuni ya Austria, akatwaa ubingwa wa GP3, daraja lililo chini ya GP2, mwaka 2013 na mwaka uliofuata akaingia Toro Rosso, timu ya Formula One. Yeye ndiye Mrusi aliyedumu zaidi Formula One, na ndiye aliyetegemea fedha za Urusi kwa uchache zaidi, jambo ambalo wadhamini wa nyumbani kwake wangefaa kulitafakari. Sergey Sirotkin alitangazwa na Sauber mwaka 2013 kwa ahadi za taasisi za Kirusi, mojawapo ikiongozwa na baba yake. Fedha zilizotarajiwa hazikufika kama zilivyotangazwa na kiti hakikupatikana. Baadaye aliingia GP2, akamaliza wa tatu mara mbili, 2015 na 2016, na alipofika Williams mwaka 2018 nyuma yake kulikuwa na benki.

Benki hiyo ilikuwa SMP, ya Boris Rotenberg, ambaye yeye na kaka yake Arkady ni marafiki wa miaka mingi wa Rais Vladimir Putin. Marekani iliiwekea vikwazo mwaka 2014, baada ya Urusi kuitwaa Crimea, lakini mpango wake wa michezo, SMP Racing, ulizidi kukua. Ulilipia viti vya vijana kuanzia karti hadi Formula One, na kuanzia 2015 ukadhamini shindano lake la Formula 4 katika Urusi na nchi za jirani za kaskazini. Mabingwa wake watatu wa mwanzo walikuwa Niko Kari wa Finland, Richard Verschoor wa Uholanzi na Christian Lundgaard wa Denmark. Benki ya Urusi ilijenga shule, na wanafunzi bora wakatoka nchi nyingine.

Mwanafunzi bora wa Kirusi alikuwa amekwisha kupelekwa Italia. Robert Shwartzman alizaliwa Tel Aviv mwaka 1999 na kukulia Saint Petersburg. Mwaka 2017 alimaliza wa tatu katika Formula Renault ya Ulaya, na Ferrari ikamwingiza katika akademia yake. Mwanzoni mwa 2018 alitwaa ubingwa wa Toyota Racing Series nchini New Zealand, shindano fupi la majira ya baridi ya Ulaya ambalo timu hulitumia kupima vijana, kisha akajiunga na Prema na kumaliza wa tatu katika Formula 3 ya Ulaya. Mwaka 2019 mashindano hayo na GP3 yaliunganishwa kuwa Formula 3 moja ya FIA. Shwartzman akawa bingwa wake wa kwanza, na wenzake wawili wa Prema wakashika nafasi ya pili na ya tatu. Kwa timu inayoishi kwa kuuza viti, tangazo zuri zaidi ya hilo halipo.

Mwaka 2020 alipanda Formula 2 na timu ileile. Aprili ya mwaka huo baba yake, aliyekuwa nguzo ya safari yake, alifariki kwa Uviko-19. Msimu ulipoanza alishinda mara nne, zaidi ya dereva mwingine yeyote, lakini alimaliza wa nne kwa pointi 177. Mbele yake walikuwa Mick Schumacher, Callum Ilott na Yuki Tsunoda. Nyuma yake, wa tano, alikuwa Mrusi mwenzake Nikita Mazepin.

Jedwali hilo linaeleza soko lenyewe. Schumacher, Ilott na Shwartzman wote walikuwa wa akademia ya Ferrari, na nafasi iliyopatikana kwao ilikuwa moja tu, Haas, ambayo hununua injini za Ferrari. Akaichukua bingwa Schumacher. Tsunoda aliingia AlphaTauri akiwa na Honda nyuma yake. Kiti cha pili cha Haas kilikwenda kwa Mazepin, ambaye baba yake Dmitry alikuwa mwanahisa mkubwa wa kampuni za mbolea za Uralchem na Uralkali. Uralkali ikawa mdhamini mkuu, na gari likapakwa nyeupe, bluu na nyekundu, wakati ambapo Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ilikuwa imepiga marufuku bendera ya Urusi katika mashindano ya dunia. Shwartzman alikuwa na pointi 60 kwa misimu miwili tu, lakini leseni bila kiti ni karatasi.

Alirudi Formula 2 mwaka 2021 na kumaliza wa pili nyuma ya Oscar Piastri. Guanyu Zhou, wa tatu, ndiye aliyepata kiti Formula One msimu uliofuata, katika Alfa Romeo, akiwa Mchina wa kwanza na akifungua soko ambalo hakuna mdhamini angelipuuza. Bingwa Piastri alikaa benchi mwaka mzima. Shwartzman akabaki dereva wa majaribio wa Ferrari.

Februari 2022 Urusi ilivamia Ukraine, na mfumo mzima wa fedha hizo ukaanguka ndani ya wiki mbili. Tarehe 1 Machi FIA iliamua kwamba Warusi wangeshiriki bila bendera na kwa masharti. Chama cha mbio cha Uingereza kikawafungia kabisa wenye leseni za Urusi. Haas ilivunja mikataba ya Mazepin na Uralkali tarehe 5 Machi, siku chache kabla ya Umoja wa Ulaya kuwawekea vikwazo baba na mwana. Mashindano ya Formula One ya Sochi, yaliyofanyika tangu 2014 na yaliyokuwa yahamie Igora Drive karibu na Saint Petersburg, yalifutwa pamoja na mkataba wake. SMP Racing ilijiondoa kwenye mashindano ya kimataifa.

Kesi za madai ziliendelea baada ya magari kuegeshwa. Uralkali ilidai dola milioni 13 ilizokuwa imelipa mapema kwa msimu wa 2022. Wasuluhishi waliona Haas ilikuwa na haki ya kuvunja mkataba, ila iliamriwa irudishe sehemu ya fedha. Agosti 2024 maofisa wa mahakama ya Uholanzi walifika kwenye uwanja wa mbio wa Zandvoort kuorodhesha mali za timu kwa sababu malipo yalikuwa hayajafika. Mahakama Kuu ya Umoja wa Ulaya nayo ilikuwa imefuta vikwazo dhidi ya Nikita Mazepin mwezi Machi mwaka huo, lakini kiti chake kilikuwa na mtu mwingine.

Shwartzman alikuwa na kitu ambacho vijana wengine wa SMP hawakuwa nacho: uraia wa Israel. Kuanzia 2022 alikimbia kwa bendera hiyo, akaendesha Ferrari katika mazoezi ya Ijumaa ya Marekani na Abu Dhabi, na mwaka 2024 akashinda mbio za saa sita za Austin, Texas, katika gari la AF Corse pamoja na Robert Kubica na Yifei Ye. Prema ilipoingia IndyCar ya Marekani mwaka 2025, ilimchukua bingwa wake wa zamani. Mei mwaka huo, katika Indianapolis 500, akiwa hajawahi kukimbia kwenye uwanja wa duara, alipata nafasi ya kuanza mbele kabisa, wa kwanza miongoni mwa wanaoshiriki kwa mara ya kwanza kufanya hivyo tangu Teo Fabi mwaka 1983. Mbio zenyewe hakuzimaliza.