Mafuta Yaliyomwagika Huenda Wapi?

Leo nazungumza nawe unayetumia petroli, mafuta ya taa au tina ya rangi hapa Bisil na kote kando ya barabara ya Namanga.

Fundi akimaliza kuosha vyuma kwa petroli, mara nyingi humwaga chini ile iliyobaki. Baada ya muda mfupi pale mahali pamekauka. Je, petroli imekwisha?

La, haijaisha. Sehemu yake imegeuka mvuke kwa jua letu kali. Mvuke huo ukiuvuta huleta kizunguzungu na maumivu ya kichwa, na hushika moto upesi. Sehemu nyingine imenywewa na udongo. Mvua ikinyesha, hushuka zaidi na yaweza kufikia maji ya kisima. Mafuta huelea juu ya maji, lakini kemikali iitwayo benzini huyeyuka ndani yake, nawe huioni. Anayeinywa kwa miaka yuko katika hatari ya saratani ya damu.

Udongo una vijidudu vinavyokula mafuta na kuyamaliza. Lakini navyo huhitaji hewa na unyevu. Karibu na uso wa ardhi yenye unyevu, kazi hiyo huweza kuchukua wiki au miezi. Chini kabisa, ambako hewa ni haba, huchukua miaka.

Wenzetu wa Thange, Kaunti ya Makueni, wanalijua jambo hili. Mwaka 2015 bomba la mafuta la kutoka Mombasa hadi Nairobi lilivuja kwao, mafuta yakaingia mtoni na visimani.

Basi ufanye nini? Usimwage mafuta chini, mtaroni wala korongoni. Yaweke katika mtungi wenye kifuniko, uyatumie tena kuoshea vyuma. Mtungi uliobeba mafuta usitekee maji. Maji yakinuka mafuta, usinywe wala usinyweshe mifugo. Kuyachemsha au kuyatia dawa ya klorini huua vijidudu tu, hakuondoi mafuta. Mwarifu afisa wa afya ya umma.

Na mtoto akimeza mafuta ya taa, usimtapishe wala usimpe maziwa. Mkimbize hospitali mara moja.

Sisi wa nchi kavu hatuna kisima cha kupoteza. Hadi kipindi kijacho, ni mimi muuguzi wenu. Kwaheri.