VIJITI VYA MIHOGO: CHUNGUZA KWANZA, NDIPO UPANDE



Mtu anayehama hubeba mbegu. Mapema mwaka 2008 Wakenya waliokimbia ghasia za uchaguzi walivukia Busia na Malaba, wakapokelewa Mulanda, wilayani Tororo, kabla ya wengi kupelekwa Kiryandongo. Hata wakati wa amani, Wateso na Wasamia wana ndugu pande zote mbili za mpaka, na kijiti cha muhogo huvuka kama zawadi ya shemeji kwa shemeji. Zawadi hiyo yaweza kulisha watoto wako, au kuharibu mashamba ya majirani wote. Karatasi hii inakueleza sababu.

UGONJWA ULIVYOKUJA

Mwaka 1988 batobato kali ilionekana kaskazini mwa Luwero, Uganda. Majani hujikunja na kuwa na mabaka ya manjano, mmea hudumaa, na mizizi huwa midogo au hukosekana kabisa. Ugonjwa ulisonga mbele kilomita 20 hadi 30 kila mwaka. Miaka ya 1993 na 1994 upungufu wa chakula mashariki mwa Uganda ulisababisha hata vifo. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 ugonjwa ulikuwa umeingia magharibi mwa Kenya.

Virusi vya batobato huenezwa kwa njia mbili: na nzi weupe wadogo wanaokaa chini ya majani, na mtu anayepanda kijiti kilichotoka kwenye mmea mgonjwa. Nzi huruka mbali kidogo tu. Mtu hupanda basi.

MSAADA ULIFANYA NINI?

Mihogo inayostahimili batobato haikupatikana kwa siku moja. Kazi ilianza Amani, Tanga, miaka ya 1930, wataalamu walipochanganya muhogo na mmea wa porini wa jamii yake. Uzao wake ulipelekwa Nigeria, ambako taasisi ya kimataifa ya utafiti, IITA, iliuendeleza. Mbegu moja iliyotoka huko ilijulikana Uganda kwa jina la Migyera. Watafiti wa Uganda, kutoka Namulonge na Serere, waliijaribu mashambani na kuisambaza. Kuanzia mwaka 1998 fedha za dharura za Marekani zilisaidia kueneza mbegu bora katika Afrika Mashariki, magharibi mwa Kenya ikiwamo. Mimea iliyotoka Uganda ilikaguliwa kwanza kabla ya kugawiwa wakulima wa Kenya.

Lakini fahamu jambo hili: mche mmoja wa muhogo hutoa vijiti kama 10 tu kwa mwaka. Hakuna lori la msaada linaloweza kumfikia kila mkulima. Msaada ulileta vijiti vya kwanza. Wakulima wenyewe ndio waliovizidisha na kugawiana. Shirika la misaada la Marekani, USAID, lilifungwa mwaka 2025. Kijiti kizuri kilichotunzwa kinaendelea kuzaa.

ADUI WA PILI

Tangu mwaka 2004 michirizi ya kahawia imeenea Uganda. Ugonjwa huu ni mwerevu: juu mmea waweza kuonekana mzima, kumbe mizizi imeoza ndani, ina mabaka makavu ya rangi ya kahawia. Mbegu inayovumilia batobato yaweza kushambuliwa na michirizi. Kwa hiyo usiamini jina la mbegu peke yake.

UFANYE NINI?

1. Usibebe vijiti kutoka ng'ambo ya mpaka. Muulize afisa wa kilimo mahali pa kupata vilivyokaguliwa. Unga na mihogo mikavu haienezi ugonjwa shambani.

2. Chagua mmea mama kabla ya kuvuna, majani yakiwa bado yapo. Ukiona mabaka ya manjano au michirizi kwenye shina, uache.

3. Ng'oa mmea na ukate mizizi yake kadhaa. Ukiona kahawia ndani, usichukue kijiti chochote kwake, hata kama shina ni zuri.

4. Kata vijiti vya sentimita 20 hadi 30, vyenye macho matano au zaidi, kutoka sehemu ya shina iliyokomaa. Panda kwa nafasi ya mita moja kila upande.

5. Kagua shamba kila wiki kwa miezi mitatu ya kwanza. Ng'oa mmea mgonjwa mara moja, uutoe shambani na kuuchoma. Usiuonee huruma: huo mmoja huwalisha nzi ugonjwa wa mimea mingine yote.

6. Zungumza na jirani. Ukisafisha shamba lako na yeye akaacha lake, nzi hawajui mpaka wa shamba, kama wasivyojua mpaka wa Busia.

Magonjwa haya hayamwambukizi mtu anayekula muhogo. Hasara yake ni sufuria tupu. Ukipata vijiti safi, mpe na mwenzako.