Transista ya Feni Inapoungua Mara kwa Mara

Feni ndogo ya sola, pampu ndogo ya maji na baadhi ya vichezeo vya watoto hutumia mota inayowashwa na kuzimwa na transista. Hutokea transista hiyo ikaungua, fundi akaibadilisha, nayo ikaungua tena baada ya siku chache. Kabla ya kulipia matengenezo mengine, mtumiaji anapaswa kuelewa chanzo cha hitilafu hiyo.

Ndani ya mota mna koili za waya wa shaba. Mkondo wa umeme unapopita humo, nishati hujilimbikiza katika uga wa sumaku. Transista inapokata mkondo ghafla, nishati hiyo haipotei, bali husukuma mkondo uendelee kupita. Kwa kuwa njia imefungwa, volteji hupanda ghafla. Mota ya volti 12 yaweza, kwa muda mfupi mno, kutoa zaidi ya volti 100, ilhali transista ndogo kama 2N2222A imeundwa kuhimili volti 40.

Kinga yake ni dayodi moja ya bei nafuu, inayofungwa sambamba na mota, upande wenye mstari ukielekea chanya. Mota inapozunguka, dayodi haipitishi umeme. Transista inapozima, dayodi huupa mkondo njia ya kuzunguka hadi nishati iishe. Kwa mota ndogo isiyozidi ampea 1, dayodi ya 1N4007 hutosha. Feni ambayo kasi yake hupunguzwa kwa kukata umeme maelfu ya mara kwa sekunde huhitaji dayodi ya Schottky, kama 1N5819. Dayodi ikifungwa kinyume, husababisha shoti.

Mtumiaji anashauriwa:

1. Kurejesha kifaa kwa muuzaji bila kukifungua, iwapo dhamana haijaisha.
2. Kumtaka fundi apime dayodi ya mota kabla ya kubadilisha transista.
3. Mota ikibadilishwa kwa kubwa zaidi, kuhakikisha kuwa transista na dayodi zinamudu mkondo wake.
4. Kudai risiti inayotaja kila kipuri kilichobadilishwa.

Maelezo haya yanahusu vifaa vya betri na sola vya volti ndogo pekee. Kifaa kinachochomekwa kwenye umeme wa nyumbani kisifunguliwe na mtu asiye fundi.