Waziri Mkuu Aliyeshika Kalamu, na Wasomaji Waliomhukumu

Hapa Kiringye, katika bonde la Ruzizi, mashariki mwa Kongo ya Kinshasa, vitabu si vingi, na kitabu kikibahatika kufika kutoka Bukavu au Bujumbura hupita mikono mingi kabla ya kumrudia mwenyewe, jalada limechanika na pembe za kurasa zimekunjika. Ndivyo ilivyotufikia riwaya ya Kifaransa iitwayo Le Pleurer-rire, jina ambalo kwa lugha yetu laweza kufasiriwa kuwa kicheko kilichochanganyika na kilio. Tukaisoma jioni kwa jioni, mmoja akisoma na kufasiri kwa Kiswahili, wengine wakisikiliza. Na ilikuwa nadra kusoma kurasa kumi bila ya majadiliano kuzuka, kwa maana mtunzi wa kitabu hiki hakuwa mwalimu wa kawaida wala mwandishi wa magazeti, bali mtu aliyepata kuwa Waziri Mkuu.

Marehemu Henri Lopes alizaliwa mwaka 1937 mjini Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, lakini nchi aliyoitumikia ni ile ya ng'ambo ya mto, Kongo ya Brazzaville. Alifundisha historia, kisha akaingia serikalini akapanda daraja baada ya daraja: waziri wa elimu mwaka 1969, baadaye waziri wa mambo ya nje, na hatimaye Waziri Mkuu tangu 1973 hadi 1975, katika dola ya chama kimoja chini ya Rais Marien Ngouabi. Yeye ndiye aliyetunga maneno ya wimbo wa taifa ulioimbwa huko tangu 1970 hadi 1991. Tarehe 18 Machi 1977 Ngouabi aliuawa, na kabla ya wiki mbili kupita Kardinali Émile Biayenda naye alikuwa ameuawa, na Rais wa zamani, Alphonse Massamba-Débat, amehukumiwa na kupigwa risasi. Lopes aliyaona hayo yote kwa karibu, akawa waziri wa fedha, kisha akaiacha serikali, akaenda Paris kufanya kazi katika UNESCO; na mwaka 1982, akiwa hana tena wizara wala walinzi, akaitoa riwaya hii kwa wachapaji wa Présence Africaine.

Kisa chenyewe kimewekwa katika nchi ya Kiafrika isiyokuwapo katika ramani. Askari mmoja wa zamani wa jeshi la wakoloni, Bwakamabé Na Sakkadé, anampindua rais aitwaye Polépolé, jina ambalo Mswahili yeyote akilisikia hana budi kutabasamu, na tangu hapo watu wanamwita mtawala wao Tonton, neno lile lile ambalo watoto wetu huku humwitia mjomba. Msimulizi ni mtumishi wa mezani, mtu wa kupanga sahani na kumimina mvinyo katika jumba la Rais, ambaye kwa sababu ya udogo wa kazi yake hakuna amwogopaye, na kwa sababu hiyo hiyo anasikia kila kitu. Zinasikika habari za njama. Kapteni mmoja kwa jina Yabaka, mtu mwenye kuheshimika, anatuhumiwa, anashitakiwa, anauawa. Na msomaji anabaki akijiuliza ni nani hasa aliyemfitini nani.

Hoja ya kwanza iliyozuka katika baraza letu ni ile inayozuka kila mahali kitabu hiki kinaposomwa: huyu Tonton ni nani? Wako wanaosema ni Idi Amin, aliyetawala Uganda tangu 1971 hadi 1979. Wako wanaosema ni Bokassa wa Afrika ya Kati, aliyejivika taji la ufalme mwezi wa Desemba mwaka 1977. Lakini wazee wetu, ambao walicheza ngoma za chama viwanjani kwa amri, na ambao walikuwa wakiona katika televisheni sura ya Mobutu, mtawala wetu wa zama hizo, ikishuka kutoka mawinguni kila habari zilipokaribia kuanza, hawakuhitaji kumtafuta mbali. Mimi naona kwamba wote wana haki, na kwamba anayedai kumjua Tonton mmoja tu amekisoma kitabu kwa jicho moja, kwa kuwa mwandishi amechukua ukali wa huyu na majigambo ya yule akavifinyanga mpaka akatokea mtu mpya, ambaye kila nchi inaweza kuapa kwamba ni wa kwake.

Wengine, hasa vijana, walilalamika kwamba fumbo halifumbuliwi. Malalamiko haya nayafahamu, kwani sisi tuliolelewa na visa vya Bwana Msa, mpelelezi aliyebuniwa na Muhammed Said Abdulla katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, tumezoea kwamba mwishoni watu hukusanywa na kila jambo hutiwa mahali pake. Lopes hafanyi hivyo. Lakini tujiulize sisi wakazi wa bonde hili la kaskazini mwa Ziwa Tanganyika, ambao tumeona waasi wakiingia Uvira mwaka 1964, na vita vingine mwaka 1996, na vingine tena baada ya hapo: ni mara ngapi tumekusanywa tukaelezwa nani aliua na kwa amri ya nani? Mtunzi aliyekaa katika mabaraza ya mawaziri alijua kwamba siri za dola aghalabu huzikwa pamoja na wenyewe, na kuzibunia ufumbuzi mzuri kungekuwa uwongo.

Hoja iliyokuwa nzito kuliko zote, nayo ilituchukua jioni mbili nzima, ni ile ya stahili. Mwalimu mmoja mstaafu, mtu mpole ambaye sijapata kumsikia akipaza sauti, siku hiyo aliipaza. Alisema kwamba mtu aliyekula katika meza ya watawala, akatunga na wimbo wao, hana haki ya kutuandikia maovu yao baada ya kushiba; angeyasema alipokuwa Waziri Mkuu. Maneno haya si ya kupuuzwa. Hata Marekani, Rais wa zamani Bill Clinton alipotoa mwaka 2018 riwaya ya siri na hatari, The President Is Missing, aliyoiandika pamoja na James Patterson, wasomaji waligawanyika hivyo hivyo: wengine walifurahi kuingizwa katika vyumba ambavyo raia hawavioni, na wengine waliona kuwa hotuba ndefu ya rais wa kitabuni kuelekea mwisho ni siasa ya mwandishi mwenyewe iliyovikwa kanzu ya hadithi.

Nami nilimjibu mwalimu, kwa taadhima, kwamba Lopes alimtangulia katika shutuma hiyo. Ndani ya riwaya mwenyewe ameweka msomaji, mtu aliyekuwa mkuu wa ofisi ya Rais, ambaye anapelekewa kurasa kabla hazijachapwa naye anaandika maoni yake, akisifu hapa, akisahihisha pale, akipinga kwingine. Na mwanzoni kabisa mwa kitabu ametanguliza onyo zito la chama cha kubuni cha wakaguzi wa vitabu. Tena, angaliweza kumfanya msimulizi wake kuwa shujaa aliyempinga dhalimu, akajitakasa kwa njia hiyo. Badala yake alimchagua mtumishi, mtu aliyeona, aliyenyamaza, aliyeendelea kumimina mvinyo. Kwa maoni yangu huko ni kuungama, na katika watawala wetu waliostaafu, ambao wengi huandika kumbukumbu za kujisifu, ni wachache mno waliothubutu kuungama. Mwalimu hakukubali. Alisema kuungama bila ya kutaja majina ni nusu ya toba, na mpaka leo tunasalimiana tukiwa tumetofautiana.

Lopes alifariki dunia mwezi wa Novemba mwaka 2023. Kwetu sisi kitabu chake kimepita kwa kinywa cha mfasiri mmoja, aliyekuwa akisitasita kwenye maneno magumu chini ya taa ya sola, na mama zetu waliosikiliza hawakuwa na njia ya kukirudia wenyewe. Enyi wafasiri na wachapaji wa Dar es Salaam, Nairobi na Lubumbashi, tuleteeni riwaya hii kwa Kiswahili, ili wale waliotawaliwa na kina Tonton waisome na kutoa hukumu yao.