Kufunga Wakati Ghala ni Tupu

Kwaresima twaiita siku 40, lakini ukihesabu kutoka Jumatano ya Majivu mpaka mkesha wa Pasaka utapata 46, kwa maana Jumapili haziingii kwa hesabu. Sehemu nyingi za Kenya majira haya hukutana na mvua ndefu: mbegu imeingia shambani, ghala limebaki na panya tu. Basi mama anayekula mara moja kwa siku, tumwambie afunge nini?

Kanisa Katoliki lenyewe ladai mfungo wa chakula siku mbili pekee, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa wenye miaka 18 hadi 59. Wagonjwa hawalazimishwi. Na Isaya sura ya 58 yaonyesha mfungo mwingine: kumwondolea mtu mzigo, kumgawia mwenye njaa.

Sisi twauona mzigo huo ndani ya daftari la mweka hazina. Mjane alikopa akanunua mbolea, mvua ikachelewa, na riba yapanda kila mwezi. Kikundi kinaweza kuacha kudai riba hiyo mpaka avune. Na wewe unayeacha sukari, pesa yake weka kwa mkebe wa kikundi, si mfukoni tena! Ufunguliwe mbele ya wote Alhamisi Kuu, wenye shida wapate unga kabla ya Pasaka.